Mti sio kuni tu: nishati na kemikali zilizojificha kwenye miti na mabaki ya mimea (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu. Kila nikisoma mijadala ya nishati jadidifu naona watu wanabishana kuhusu sola na upepo, mimea ikitajwa inatajwa kama kuni na mkaa basi, inafuata picha ya mlima uliokatwa miti na mjadala unafungwa. Mimi nimekaa miaka kadhaa na mashine zinazogeuza vipande vya mbao na mabua kuwa gesi ya kuendeshea jenereta, nimechafuka lami ya moshi wa mbao mpaka kwenye kucha, na hili jambo nalipenda, ndo maana linaniuma likielezwa nusunusu. Leo nashusha nilichonacho, kaeni mkao wa kusoma.

Msimamo wangu nauweka mwanzoni: mti ni kaboni kabla haujawa moto. Umeme unaupata kwenye jua, upepo, maporomoko ya maji, hata mvuke wa ardhini, na hauhitaji chembe ya kaboni. Lakini gundi ya kubandikia mbao, plastiki, nyuzi za nguo, rangi, vimumunyisho, mafuta ya ndege, dawa, vyote hivi mifupa yake ni kaboni, na kwa sehemu kubwa hiyo kaboni leo inachimbwa ardhini ikiwa mafuta ghafi, gesi au makaa ya mawe. Mmea wenyewe unaivuta kutoka hewani, kimya kimya, kwa jua na maji tu. Umefanya hiyo kazi miaka 10, 20, 40, umeipanga kaboni vizuri kuliko kiwanda chochote, alafu sisi cha kwanza tunachofanya ni kuutia kiberiti. Sijasema tusichome. Nasema kuchoma kuwe cha mwisho, baada ya kutoa vya maana.

Sasa ndani ya mti kuna nini. Ukichukua mbao ukaikausha kabisa, asilimia 40 hadi 50 ni selulosi, robo hivi ni hemiselulosi, na robo nyingine hivi ni lignini, inategemea aina ya mti. Kinachobaki ni vitu kama utomvu, tanini, mafuta na majivu kidogo. Selulosi ni minyororo mirefu ya glukosi, maelfu ya glukosi zimeshikana mikono kwenye mstari mmoja, na mistari imelaliana kama nyuzi za kamba. Mkemia Mfaransa Anselme Payen ndo aliyeitenga mwaka 1838. Hemiselulosi nayo ni sukari lakini mchanganyiko, minyororo yake mifupi na ina matawi, kwaiyo inavunjika kirahisi. Lignini sio sukari kabisa, hiyo ni kama zege linalomiminwa katikati ya nondo, ndo inayofanya mti usimame wima na usioze haraka.

Kitu kilichonishangaza siku nilipokielewa: wanga na selulosi zote ni glukosi tupu. Tofauti ni jinsi glukosi moja inavyomshika mwenzake, basi. Mkono ukishika kwa pembe hii unapata chakula, ukishika kwa pembe ile unapata shina la mti ambalo tumbo la binadamu haliliwezi. Historia nzima ya kupata mafuta ya gari kwenye mbao ni ugomvi na hiyo pembe moja.

Nitaendelea kwenye moto na gesi, nipeni dakika.

#2 Mdau

Tupo mkuu, tiririka. Ila nina swali kabla hujaenda mbali, kwanini kuni mbichi haiwaki wakati hivyo vitu vyote vipo ndani?

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana na ndo msingi wa biashara nzima hii, wengi wanaofeli wanafelia hapo. Angalia gogo bichi likiwekwa motoni. Upande mmoja unawaka, upande wa pili kule mwisho unaona povu linatoka kwenye vinyweleo vya mbao, linachemka, linatoa sauti kama mtu anasonya. Hayo ni maji, na kila kilo ya maji inakula zaidi ya megajuli 2 za joto ili tu igeuke mvuke iondoke. Joto hilo halijakufanyia kazi yoyote.

Kwa hesabu, mbao kavu kabisa ina megajuli 18 hadi 20 kwa kilo. Ikikaushwa na hewa tu ikabaki na maji kama asilimia 20 unapata 15 hivi. Iliyokatwa leo ambayo nusu ya uzito wake ni maji inakupa kama 8. Dizeli kwa kulinganisha ni kama 43. Kwaiyo ukisafirisha magogo mabichi kwa lori umbali mrefu unalipia mafuta kubeba maji.

Na hapa nieleze kilichonipata mimi ili msirudie. Mashine yetu kwenye maelezo yake ilitaka vipande vyenye unyevu usiozidi asilimia 25. Tukaagiza mzigo, karatasi ya muuzaji ikasoma asilimia 25, tukapokea, tukawasha. Siku ya tatu injini ikaanza kukohoa, tukafungua tukakuta valvu za kuingizia gesi zimegandiana, zina lami nyeusi inang'aa kama vanishi, ilibidi kuzikwangua kwa kisu moja moja. Tulikuja kugundua hamna aliyedanganya. Mashine ilihesabu maji kwa uzito wa mbao kavu, muuzaji alihesabu maji kwa uzito wa mzigo wote. Asilimia 25 ya muuzaji ni kilo 25 za maji na kilo 75 za mbao, ukigawa 25 kwa 75 unapata 33. Yaani tulikuwa tunalisha mashine maji mengi kuliko inavyoweza, joto la tanuri likashuka, lami ikakosa moto wa kuivunja, ikaenda yote kwenye injini. Tangu siku hiyo nikiambiwa asilimia ya unyevu naulizia kwanza, ya nini?

Sasa moto wenyewe. Wengi tunaamini mbao inawaka. Mbao haiwaki jamani. Tazama kwa karibu kijiti kinachoungua, kati ya mwali na mbao pana mwanya mdogo hauna moto. Joto linaipasua mbao inatoa gesi na mvuke, gesi ndo inakutana na hewa hapo juu inawaka. Kinachobaki chini kikiwaka chekundu bila mwali ni mkaa. Hizo ni hatua mbili tofauti, na binadamu akishajua kuzitenganisha anapata viwanda viwili vitatu kwenye kijiti kimoja.

Ukitaka kuona mwenyewe chukua kopo la bati lenye kifuniko cha kukaza, jaza vipande vikavu vya mbao, toboa tundu MOJA dogo la msumari kwenye kifuniko, weka juu ya moto. Fanya nje, na tundu lazima liwepo maana bila tundu kopo litalipuka. Usiinamie moshi, una kabonimonoksaidi na hiyo inaua bila harufu. Baada ya muda moshi mweupe unatoka, ukisogeza njiti pale kwenye tundu unawaka. Moto unawaka nje ya kopo wakati mbao ipo ndani bila hewa.

#4 Mdau

Nimecheka na "ya nini?" lakini ni kweli kabisa, kwenye nafaka pia tunapigwa hapo hapo. Mkuu hiyo gesi ndo ile walioendeshea magari wakati wa vita?

#5 Mleta uzi

Ndiyo yenyewe. Vita ya pili ya dunia petroli ilikuwa adimu Ulaya, watu wakafunga matanuri nyuma ya magari na mabasi, Ujerumani na Sweden na Ufaransa na kwingine, yakawa mamia ya maelfu. Muundo uliotumika sana ni wa Georges Imbert. Siri yake ni kuielekeza gesi iende chini badala ya juu. Inalazimishwa kupita kwenye kitanda cha mkaa mwekundu ambacho joto lake linapita digrii 800, pale lami inavunjika vipande vidogo, na mvuke na hewa ukaa vinagongana na mkaa vinageuka haidrojeni na kabonimonoksaidi. Gesi inayotoka karibu nusu yake ni naitrojeni ya hewani ambayo haiwaki, ndo maana nguvu ya injini inashuka theluthi moja hadi nusu. Kilo 2 na nusu hadi 3 za mbao kavu zinashika nafasi ya lita moja ya petroli. Dereva alikuwa anaamka mapema kuwasha tanuri, anatoa majivu, anasafisha kichujio, alafu ndo safari. Vita ilipoisha petroli ikarudi watu wakayatupa yale matanuri wala hawakuangalia nyuma.

Mimi kuendesha gari kwa kuni sioni kama ndo njia. Lakini ile gesi yenyewe, haidrojeni na kabonimonoksaidi, ni dhahabu. Ukiisafisha vizuri ukaipitisha kwenye kichocheo (kitu kinachoharakisha kemikali kuungana bila chenyewe kuisha) unatengeneza vitu vingi sana. Franz Fischer na Hans Tropsch, wakiwa Ujerumani, walionyesha mwaka 1925 kwamba kwa kichocheo cha chuma au kobalti hizo gesi mbili zinaungana kuwa minyororo ya mafuta, yaani dizeli, mafuta ya taa, nta. Wao walitumia makaa ya mawe. Ukiweka mbao badala ya makaa ya mawe kemia haibadiliki, inabadilika hesabu tu, maana mbao ni nyepesi, imetawanyika, na ina uchafu wake wa chumvi na lami ambao unaua kichocheo. Methanoli nayo inatoka hapo hapo. Na methanoli jina lake la zamani ni pombe ya kuni, kwa sababu mpaka miaka ya 1920 ilikuwa inapatikana kwa kuchoma mbao bila hewa na kukinga mvuke, pamoja na asidi ya siki na asetoni. Tulikuwa tayari na viwanda vya kemikali za miti, tukavifunga mafuta ghafi yalipokuwa rahisi.

#6 Mdau

Samahani mleta uzi, mimi sitakuunga mkono. Hizi hoja ndo wanazotumia wenye makampuni kukata misitu alafu wanaiita nishati ya kijani. Ulaya wanachoma vidonge vya mbao (unga wa mbao ulioshindiliwa) kutoka bara lingine kwenye mitambo iliyokuwa ya makaa ya mawe na wanaandikiwa hewa ukaa sifuri. Hilo nalo unalitetea?

#7 Mleta uzi

Sikuchukii mkuu, na kwenye hilo tuko karibu kuliko unavyodhani. Tuweke ukweli mezani. Kwenye bomba la moshi, mbao inatoa hewa ukaa nyingi kuliko makaa ya mawe kwa joto lile lile. Takwimu elekezi za IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, zinasema kilo 112 kwa kila gigajuli kwa mbao, na kama 95 kwa makaa ya mawe ya kawaida. Anayekwambia moshi wa mbao hauna kaboni anakudanganya. Sifuri inakuja kwa maelezo kwamba mti mwingine utaota utaivuta tena. Ni kweli utaota, lakini lini? Ukichoma maranda ya kiwanda cha mbao ambayo yangeoza mwakani, deni linalipwa haraka sana. Ukichoma shina zima la mti wa miaka 60, hewa ukaa inaingia angani leo jioni na mti mpya unaidai miaka 60. Hayo ni mambo mawili tofauti na kwenye karatasi yanaandikwa neno moja.

Mtambo wa Drax kule Yorkshire, Uingereza, ulianza kubadilishwa kutoka makaa ya mawe kwenda vidonge vya mbao mwaka 2013, na sehemu kubwa ya vidonge inavuka bahari kutoka Marekani na Kanada. Kwangu mimi ule ni mfano wa kutumia kitu kizuri kwa kazi isiyo yake. Umeme! Mmea unakamata kama asilimia 1 tu ya jua linaloupiga, mara nyingi chini ya hapo, wakati paneli ya kawaida inakamata kama 20. Kwa ardhi ile ile, ukitaka umeme tu, paneli inaushinda mti mara 20 na zaidi. Paneli haiwezi kukupa gundi, mti unakupa. Kwaiyo nikisema nishati kutoka mimea namaanisha mabaki, na namaanisha kazi ambazo jua haliwezi kuzifanya moja kwa moja, kama mafuta ya ndege na meli, joto kali la viwandani, na umeme wa kushika zamu usiku wakati hamna upepo.

#8 Mdau

Hapo kwenye deni la miaka 60 nimekuelewa. Naomba uongelee kiwanda chochote kinachofanya hivyo unavyosema wewe, kutoa kwanza alafu kuchoma. Maana maneno ni rahisi.

#9 Mleta uzi

Vipo na vimekuwepo muda mrefu, watu hawavioni kwasababu vinaitwa viwanda vya karatasi. Skia hii.

Njia kuu ya kutengeneza rojo la karatasi duniani ilibuniwa na Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879. Vipande vya mbao vinapikwa kwenye pipa la shinikizo, digrii kama 170, na magadi makali pamoja na salfidi. Lignini inayeyuka, selulosi inabaki nyuzi za kahawia kama pamba chafu iliyolowa, weupe unakuja baadae ikisafishwa. Yale maji yaliyopikia yanatoka meusi tii, mazito, yananuka kabichi iliyooza, na ndani yake kuna karibu nusu ya mti. Zamani ilikuwa uchafu wa kumwaga mtoni. Miaka ya 1930 ikaja boila maalum, maji meusi yanachemshwa mpaka yanakuwa kama uji mzito, yanapulizwa ndani yanawaka, lignini inatoa mvuke wa kuzungusha tabo la umeme, na chini ya boila yale magadi yanadondoka yakiwa ya moto, mekundu, yameyeyuka, yanakusanywa yanarudi kupikia tena. Kiwanda cha Äänekoski, Finland, kilichoanza 2017, kinazalisha umeme zaidi ya mara mbili ya unaohitajika humo ndani. Bila kuchoma rojo lenyewe hata kijiko.

Juu ya yale maji meusi wakati yanapoa inaelea sabuni. Sabuni kabisa, kwa sababu mafuta na utomvu wa msonobari vimekutana na magadi. Wanaikwangua, wanaitia asidi, yanatoka mafuta ya kahawia. Lappeenranta, nayo ni Finland, tangu 2015 kuna mtambo unaotia haidrojeni kwenye mafuta hayo unapata dizeli inayoingia kwenye gari la kawaida. Na tarpentaini ya kuchanganyia rangi inakingwa kwenye mvuke wa lile pipa.

Alafu kuna Sarpsborg, Norway. Kiwanda cha Borregaard kinachukua mti wa sprusi, kinatoa selulosi maalum, kinatoa ethanoli kwa kuchachua sukari za hemiselulosi, kinatoa kemikali za lignini zinazowekwa kwenye zege ili limiminike vizuri, na kinatoa vanilini. Ndiyo, harufu ya vanila, kutoka kwenye lignini ya mti. Ukichora lignini kwenye karatasi unaiona vanilini imekaa pale kama tofali ukutani, kazi ni kulichomoa bila kubomoa ukuta wote kuwa vumbi.

Na mfano mwingine wa mabaki ya shamba: furfurali, kimiminika cha kutengenezea resini. Maganda ya oti (oats) yalikuwa yanarundikana kwenye kiwanda cha Quaker Oats, Cedar Rapids, Marekani, wakayapika na asidi na mvuke wakaanza kuuza furfurali mwaka 1922. Furfurali inatoka kwenye zailosi, sukari mojawapo ya hemiselulosi. Mpaka leo resini zake zinashikilia mchanga wa kalibu kwenye viwanda vya kumimina chuma, na bado inatengenezwa kwa magunzi ya mahindi na makapi ya miwa. Miaka 100 na zaidi, haijapata mpinzani wa maana kutoka kwenye mafuta ghafi.

#10 Mdau

Mkuu umeeleza vizuri ila naomba usiruke ethanoli ya mabua. Miaka ile tuliambiwa mabua yatajaza matenki ya magari dunia nzima, yakaishia wapi?

#11 Mleta uzi

Siruki, hilo linanihuzunisha kweli.

Chanzo chake kizuri. Vita ya pili, wanajeshi wa Marekani visiwa vya Pasifiki, mahema na nguo za pamba zilikuwa zinaoza zikiwa mwilini. Wanasayansi wakatafuta anayekula, wakampata kuvu mmoja kwenye turubai lililotoka visiwa vya Solomoni. Kuvu huyo anatema vimeng'enya vinavyokata selulosi kuwa glukosi, anaitwa Trichoderma reesei, jina la Elwyn Reese aliyemchunguza. Mharibifu wa mahema akageuka mfanyakazi, mpaka leo vimeng'enya vingi vya viwandani vya kukata selulosi vinatoka kwa wajukuu wake.

Basi mwaka 2007 Marekani ikaandika sheria kwamba ifikapo 2022 watumie galoni bilioni 16 za mafuta yanayotokana na selulosi kwa mwaka. Hawakufika hata karibu. Crescentino, Italia, kilifunguliwa kiwanda 2013 kikasimama 2017. Kule Nevada, ule mji ulioko jimbo la Iowa, Marekani, kikubwa kikafunguliwa 2015, na 2017 mwenye kiwanda akatangaza anaachana nacho. Sababu watu wanasema bei ya mafuta ilishuka 2014, ni kweli, lakini mtu aliyeshika mabua kwa mikono atakwambia na nyingine. Mabua yanakuja na mchanga na mawe. Mzigo mmoja mkavu mwingine umelowa mvua. Yanavunwa mara moja kwa mwaka lakini kiwanda kinakula kila siku, kwaiyo unahitaji maghala makubwa ambayo yanashika moto na panya wanahamia. Nyuzi zinajisokota kwenye skrubu ya kulishia, mashine inasimama, unaingia na panga. Maabara hamna anayekutana na hayo, pale gramu 5 za unga safi zinawekwa kwenye chupa na kila kitu kinaenda. Na kabla kimeng'enya hakijafikia selulosi lazima lignini isogezwe, unapika kwa mvuke wa shinikizo au asidi, ukizidisha sukari inaungua inakuwa sumu kwa hamira, ukipunguza kimeng'enya kinagonga ukuta.

Brazil wao walianza na rahisi, tangu 1975 wana mpango wa ethanoli ya juisi ya miwa, na makapi ya miwa yanachomwa pale pale kiwandani yanatoa mvuke na umeme. Makapi yameshafika kiwandani na muwa, hamna gharama ya kuyakusanya. Mimi ningependa kila mtu anayeota kiwanda cha mabua ajiulize kwanza hilo: mabaki yangu yamekusanyika tayari sehemu moja, au nayafuata shambani?

#12 Mdau

Bayogesi je? Kwanini tusitupe vipande vya mbao kwenye mtambo wa bayogesi badala ya kuhangaika na matanuri?

#13 Mleta uzi

Lignini mkuu. Bakteria wasiotumia hewa hawaiwezi, na selulosi imejificha nyuma yake. Mbao ukiitia humo utaikuta vile vile miezi kadhaa baadae imelainika kidogo tu. Samadi, mabaki ya chakula, majani mabichi laini, hivyo vinaenda vizuri unapata gesi yenye methani asilimia 50 hadi 70. Kanuni rahisi: kibichi na laini peleka kwenye bayogesi, kikavu na kigumu peleka kwenye joto.

#14 Mdau

Umetaja dawa kule juu, ukaacha hapo.

#15 Mleta uzi

Nitaje moja tu maana inafundisha. Paklitakseli, dawa ya saratani, ilitengwa kwenye gome la mti wa yuu wa Pasifiki, Monroe Wall na Mansukh Wani wakachapisha umbo lake 1971, Marekani ikaidhinisha 1992. Tatizo gome ukilibandua lote mti unakufa, na mti wenyewe unakua polepole mno. Wakahangaika mpaka wakapata kwamba majani ya yuu wa Ulaya yana molekuli inayokaribiana, unaimalizia maabara. Majani yanaota tena. Huko ndo nataka mawazo yetu yaelekee, kutafuta sehemu ya mmea inayorudi.

#16 Mdau

Nimerudi na mrejesho wa kopo. Nimeweka gramu 200 za vipande vikavu, nje, tundu moja la msumari. Mwanzo ulitoka mvuke tu haukushika moto, kama dakika 10. Alafu moshi ukawa mzito wa njano, nikasogeza njiti ukawaka wenyewe kama jiko la gesi, mwali wa njano urefu wa kidole, ukakaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, ukazima taratibu. Watoto wameomba nirudie. Ila chini ya kifuniko na pembeni ya tundu kuna maji ya kahawia yananata, yananukia siki na nyama ya kuokwa kwa moshi. Hiyo ni nini?

#17 Mleta uzi

Umefurahisha siku yangu mkuu. Ule mvuke wa mwanzo ni maji, umeyaona kwa macho yako yanavyokula dakika 10 za moto wako kabla ya chochote. Hicho cha kahawia ndo kitu cha maana kuliko vyote. Harufu ya siki ni asidi ya siki yenyewe, iliyokatika kutoka kwenye hemiselulosi. Ile ya moshi ni fenoli za lignini. Ukimwagia karatasi ya litmasi itageuka nyekundu saa hiyo hiyo.

Kiwandani wanaifanya haraka, unga wa mbao unatupwa kwenye mchanga wa moto digrii 500, sekunde 2 hivi, mvuke unapozwa ghafla, na kwa uzito mpaka asilimia 60 hadi 75 ya mbao inageuka hicho kimiminika. Wanakiita mafuta lakini usidanganyike na jina, hakichanganyiki na dizeli, asilimia 15 hadi 30 ni maji, kinakula chuma, kikikaa kwenye pipa kinaganda kadiri siku zinavyoenda. Kinatakiwa kisafishwe kwa haidrojeni au kitenganishwe, asidi huku, fenoli kule za kutengeneza gundi ya mbao. Anayechoma mkaa kwenye tanuri la udongo lililofunikwa majani hicho chote kinapaa angani na bado mkaa anapata kilo 10 hadi 20 tu kwa kila 100 za mbao.

Sasa kopo likipoa kabisa, na nasema kabisa maana mkaa wa moto ukikutana na hewa unawaka upya, fungua upime kilichobaki niambie gramu ngapi.

#18 Mdau

Nimepima asubuhi hii. Gramu 54. Vipande vimebaki na umbo lile lile, hata mistari ya umri wa mti inaonekana, ila vimesinyaa na ukivigonganisha vinalia kama vigae.

#19 Mleta uzi

Robo na kidogo, kazi safi. Sasa zile gramu 146 nyingine ndo ule mvuke wa mwanzo, moshi uliokuwa unawaka kwenye tundu, na hayo maji ya kahawia uliyoyakuta kwenye kifuniko.